Karai la Jumamosi

Niseme ukweli mapema ili mtu asidhani nimekuja kusifu. Yule mwenye nyumba wetu wa Makina nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza tulipohamia kwake, na hata sasa, miaka imepita, wivu ule bado hunijia ghafla nikiwa nafua nguo, nikalipiga shati kwenye karai kama vile limenikosea.

Asili yake siijui vizuri na sikuwahi kuuliza. Alikuwa Mnubi, hilo Kibera nzima ililijua, na ile nyumba ndefu ya udongo na mabati, vyumba vimepangana mlango kwa mlango, ilikuwa yake. Sisi wapangaji tulimwita Mwenye Nyumba, akiwepo na asipokuwepo. Alikuwa mrefu, gurbaba lake la rangi, lile vazi la wanawake wa Kinubi, amejifunga vizuri, halina kunyanzi hata akitoka kuokota kuni. Sauti yake ingeweza kumwita mtu aliye Kianda na yeye amesimama Makina. Na alikuwa mzuri. Hilo nalisema nikiwa nimekaza meno.

Kodi alikusanya, lakini hakujulikana kwa kodi. Alijulikana kwa miguu. Ukiwa na sugu chini ya kidole, au ile mbaya yenye kiini katikati, inayochoma kama umekanyaga msumari, au visigino vimepasuka magaga, watu walikwambia nenda kwa yule mama. Jumamosi mchana alikuwa anatoa kigoda, karai, na jiwe lake la kijivu lililotoka upande wa Naivasha, jepesi mpaka ukilitia majini linaelea. Watu walikuja. Wapishi, askari wa kulinda maduka, akina mama wa mboga. Hakuwa na bei. Ukimletea sukari alichukua, ukija mikono mitupu alikutukana kidogo halafu akakuosha.

Mimi nilimjua kupitia mguu wa mume wangu. Baba Nekesa alikuwa weita katika hoteli moja kubwa mjini. Uhuru ulikuwa bado mpya na hoteli zilikuwa zinajaa, na weita alitakiwa asimame kutwa nzima katika viatu vyeusi vyenye ncha, ambavyo aliyevitengeneza sijui aliona vidole vya binadamu wapi. Kidole chake kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa na sugu yenye kiini. Usiku alikuwa akiguna usingizini blanketi likikigusa.

Basi siku moja nimekaa mlangoni, mguu wake uko mapajani mwangu, wembe uko mkononi. Ndivyo nilivyomwona mama yangu akimfanyia baba. Sikuona ubaya. Nimeanza tu kukwangua, mara kivuli kinatufunika.

"Wewe! Huo ni mguu ama ni ndizi unamenya?"

Nikainua macho. Mwenye Nyumba alishauchukua wembe, sijui saa ngapi.

"Wembe ni wa ndevu," akasema. "Ukitaka kumnyoa, mnyoe kidevu. Wewe baba, inuka, kuja huku."

Na mume wangu, ambaye nikimwambia alete maji anauliza kwani kuna nini, aliinuka. Akamfuata akichechemea, mguu mmoja na kiatu, mguu mmoja hauna. Mimi nikabaki mlangoni na mapaja matupu. Jamani, hapo ndipo wivu ulipozaliwa, na ulizaliwa na meno tayari.

Alivyofanya niliona vizuri, maana dirisha langu lilitazama kigoda chake. Alichanganya maji ya moto na ya baridi, akatia kipande cha sabuni ya mche. Halafu, kabla mguu haujaingia, alikunja mkono na kuchovya kisigino cha mkono wake ndani ya karai, pale mkono unapojikunja. Akatulia hivyo, amefumba macho. Mama yeyote anajua jambo lile, ndivyo tunavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Lakini mtoto huyu alikuwa mume wangu, ana masharubu! Kisha akauingiza mguu wenyewe, pole pole, akaacha uloweke mpaka ngozi ya sugu ikageuka nyeupe na laini kama ugali wa jana. Ndipo akalichukua jiwe akasugua kwa upole, upande mmoja tu, kidogo, halafu akaacha.

"Bado iko," nilimsikia Baba Nekesa akisema. Hiyo sentensi moja ndiyo niliyoisikia kutoka kwake siku ile.

"Iko, na itakuwepo. Leo kidogo, Jumamosi kidogo. Sugu haina haraka. Wewe ndiye una haraka."

Akamfuta mguu, akapitisha kitambaa katikati ya kila kidole, akapaka mafuta ya simsim kisiginoni na juu ya sugu, lakini si katikati ya vidole, huko alitaka kukavu. Mwisho akakata kipande cha blanketi kuukuu, akakitoboa tundu, akakizungusha juu ya kile kidole ili tundu likae penye kiini na kiatu kisikiguse. Kisha akakichukua kiatu chenyewe, akatia mkono ndani akapapasa kama anatafuta mwizi.

"Huyu ndiye mbaya wako," akasema akikigonga kigodani. "Sugu ni askari tu. Imewekwa hapo na ngozi yako kwa sababu kiatu kinakupiga. Utamfukuza askari na mwizi bado yuko ndani?"

Ukweli ni kwamba sugu ilipungua. Wiki baada ya wiki ilipungua mpaka akawa halii tena usingizini. Ningefurahi, si ndiyo? Mke mwema angefurahi.

Ngoja nikueleze kilichoniuma, kwa sababu si kidole. Ni maneno. Kila Jumamosi nilikaa dirishani nikijifanya nachambua mchele, na sauti ya yule mama ilikuja ikipanda na kushuka, inasimulia, inacheka, inashuka tena kama inamwambia mtu siri. Ya mume wangu sikuisikia, alikuwa amenipa mgongo, nikajua anaongea chini chini ili nisisikie. Jua lilihama kutoka ukuta huu mpaka ule na wao wako pale tu. Halafu anarudi kwangu, miguu inang'aa mafuta, namuuliza habari za huko, ananiambia, "Hakuna." Anakula, analala. Maneno yake yote ameyaacha kwenye karai la mtu! Mimi niliyemzalia nabaki na "hakuna."

Usidhani yule mama alikuwa malaika. Bomba la maji la ploti alilitia kufuli, na ukifua mara mbili kwa wiki alikuuliza kama umefungua dobi. Lakini miguu ya mpita njia aliimwagia maji hayo hayo mpaka yakatiririka barabarani. Aliswali vipindi vyake vyote, na kati ya adhuhuri na alasiri alitoa matusi ambayo hata makanga wa mjini wangeinamisha vichwa. Kupeana mkono hakutaka kabisa, alisema mikono ya watu ina jasho, lakini nyayo zao alizikumbatia. Na viatu! Yeye aliyemhubiria kila mtu juu ya viatu vipana, arusi ikitokea alivaa viatu vyake vyekundu vya kisigino kirefu, vyembamba hivi, akaenda akiringa, kisha akachechemea mpaka katikati ya wiki. Nikamuuliza siku moja, "Mwenye Nyumba, na wewe?" Akanitazama juu mpaka chini. "Mimi nikiumia, naumia nikipendeza. Wewe je?"

Wanubi wenzake walimwita arusi zikikaribia, kuandaa miguu ya bibi arusi kabla ya hina. Hapo nilimwona akigombana na mashangazi wanaotaka msichana asuguliwe mpaka nyayo ziwe za mtoto mchanga. "Acheni ngozi!" aliwafokea. "Hina itashika wapi? Mnataka atembee kwa mume wake ama abebwe?" Bibi arusi alitoka kwake nyayo laini lakini nzima, na hina ikakolea mpaka nyeusi.

Kuna mwanamume mmoja, jirani wa nyuma, alitonesha maji ya betri kwenye sugu yake kwa sababu rafiki kazini alimwambia yanachoma mara moja. Yalichoma kweli. Mwenye Nyumba alipouona ule mguu alichukua ufagio akampiga nao, kisha akavaa shela lake akampeleka kliniki mwenyewe, akimtukana njia nzima. Aliporudi aliniambia, "Mimi nasugua ngozi iliyokufa. Iliyo hai ni ya daktari." Na kila mtu mgeni alimuuliza kwanza maswali ya aibu. Unasikia kiu sana? Ukikojoa kwenye nyasi, sisimizi wanakusanyika? Ukijibu ndiyo, karai lilimwagwa. "Wewe una sukari. Nenda hospitali, usiniletee." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa nguvu ili asikie.

Mwishowe nikashindwa. Nikamwambia Baba Nekesa tuhame, vyumba vya Kawangware ni vikubwa, mtoto anakua, kuna mzee mmoja Mkikuyu mwenye ploti huko mwisho wa basi la 46 ana bomba lisilo na kufuli. Sababu zote zilikuwa za kweli na hakuna hata moja iliyokuwa sababu. Tukahama. Nilipofunga godoro nilikuwa naimba.

Jumamosi ya kwanza, Baba Nekesa akavaa kofia.

"Unaenda wapi?"

"Kibera."

"Kwa miguu? Kutoka hapa mpaka Makina?"

"Si mbali."

"Kutembea ndiko kunaleta sugu! Unatembea kwenda kutolewa sugu, unarudi na sugu!"

Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nitatembea pole pole." Na akaenda. Aliendelea kwenda hivyo miaka, Nekesa akaanza shule, akamaliza, baba yake bado anashika Ngong Road kila Jumamosi na kofia yake. Akina mama wa 46 waliniuliza kama mume wangu ana shamba huko. Nikasema ndiyo, ana shamba, na limelimwa vizuri.

Kisha Jumamosi moja akarudi mapema. Miguu mikavu, haina hata tone la mafuta.

"Amenikataa," akasema.

"Amekukataaje?"

"Amesema hanigusi tena."

Sikuuliza zaidi. Kwa nini niulize? Niligeuka nikatazama sufuria ili asione uso wangu. Wamegombana! Mungu yupo! Wiki hiyo nilinunua karai jipya la bati, nikanunua jiwe kama lile sokoni, na mafuta ya simsim nikatafuta mpaka nikapata. Na wembe. Ndiyo, wembe pia, kwa sababu kile kidole kilikuwa kimeanza kuota sugu tena, na sikutaka mambo ya leo kidogo Jumamosi kidogo. Nilitaka kiini kitoke siku moja, kwa mkono wangu, ili akitazama kidole chake anikumbuke mimi.

Jumamosi ikafika. Nikamkalisha nje penye jua, nikamwaga maji, akatia mguu. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, kanga mpya, nimejipaka mafuta usoni. Nikaanza kumwuliza habari za kazini, kwa sauti ile ya chini chini. Ndipo nikasikia sauti getini.

"Mama Nekesa! Toa mguu kwa maji!"

Hakuwahi kukanyaga Kawangware hata siku moja. Alikuwa amesimama pale, vumbi mpaka magotini, anahema, gurbaba limelegea kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Majirani walishaanza kutoka.

Nikasimama. "Umekuja kwangu kufuata nini? Huyu ni mume wangu!"

"Mume ni wako. Mimi nimekuja kuuliza mguu."

"Na mguu ni wa nani? Ulimkataa mwenyewe!"

"Hajakwambia kwa nini?" Akamtazama Baba Nekesa. Baba Nekesa akatazama karai. "Nilimwambia akwambie. Akasema atakwambia. Nimeuliza watu, nikasikia bado anabeba sahani mjini, hospitali hajaenda. Tia mkono kwa hayo maji, mama."

"Nimeshatia. Yako sawa."

"Umetia vidole. Vidole vyako vinashika sufuria kutoka jikoni, vitajua nini? Tia hapa." Akajigonga kisigino cha mkono.

Nilitia kwa hasira, ili nimwonyeshe. Na niliutoa haraka kuliko nilivyoutia. Maji yalikuwa moto. Mtoto angelia mpaka mtaa wa pili. Nikamgeukia mume wangu, mguu wake uko ndani mpaka kwenye kifundo, ametulia tuli.

"Baba Nekesa, hayakuchomi?"

"Mbona?" akasema. "Yako sawa tu. Hata yameanza kupoa."

Hakuna aliyecheka pale uani. Mwenye Nyumba alipita mbele yangu, akapiga magoti mahali nilipokuwa nimepiga mimi, akautoa ule mguu. Ulikuwa mwekundu. Akaukausha kwa pindo la gurbaba lake, katikati ya kila kidole, pole pole, na hata wakati ule, Mungu ananiona, niliuonea wivu ule upindo wa nguo.

"Na kwangu alisema hivyo hivyo," akasema bila kuinua kichwa. "Mguu usiosikia moto si mguu wa kusugua nyumbani. Ni sukari. Ukiukata utapona lini, na hata hajui umekatwa?" Halafu akauona wembe juu ya kigoda. Akauchukua akaushika kiganjani muda mrefu. "Wangu nilimkata mwenyewe," akasema. "Kwa wembe kama huu. Alikuwa na kidonda siku tatu hajajua. Wakamkata kidole, wakamkata mguu, halafu nikamzika. Nilikuwa nafikiri nampenda."

Jumatatu mimi mwenyewe nilimpeleka Baba Nekesa hospitali. Ilikuwa sukari, na ilikuwa imekaa siku nyingi. Daktari akaitazama miguu yake, akaniambia mambo yale yale ya yule mama, viatu vipana, asitembee pekupeku, asiloweke, asiguswe na kitu chenye makali, na sugu zitolewe pale kliniki tu. Na mimi nikapewa kazi. Kila asubuhi nimtazame miguu, juu na chini, kwa kioo kidogo, kama kuna jeraha. Basi miguu nikaipata. Kila asubuhi, kabla ya chai, miguu ya mume wangu ilikuwa mikononi mwangu, na hakuna mwingine aliyeigusa. Aliishi miaka mingi hivyo. Kifua ndicho kilichomchukua. Alizikwa na vidole vyake vyote.

Utasema basi, wivu uliisha. Hujui wivu wewe. Mtu akikuokolea mume, huwezi tena kumchukia kwa raha, unabaki nao tumboni huna pa kuutupa. Na yale maneno ya Jumamosi bado yalikuwa kwake. Baba Nekesa alikufa bila kuniambia walichokuwa wakiongea, na nilipomaliza matanga nikaona siwezi kuzeeka bila kujua.

Nikaenda Makina. Nyumba mpya za mtaa wa Ayany zilikuwa zimeshajengwa kule juu, lakini ile nyumba ya udongo ilikuwa pale pale, na yeye amekaa mlangoni, amepungua, macho yameingia ukungu.

"Nani?"

"Mama Nekesa."

"Wa weita."

"Wa weita."

"Nilisikia. Pole sana, mama. Keti."

Nikaketi. Sikuweza hata kungoja chai. "Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Mume wangu alikuwa akikuambia nini?"

"Lini?"

"Jumamosi zote zile!"

Akanigeuzia uso, akashangaa kweli. "Yule? Yule alikuwa analala."

"Analala?"

"Wallahi. Mguu ukiingia majini, kichwa kinaanguka. Anakoroma. Sauti yake nilikuwa naisikia akiamka tu. Mimi ndiye nilikuwa naongea, namsimulia marehemu wangu, kwa sababu mtu aliyelala hakukatizi." Akaninyoshea kidole. "Na wewe nilikuwa nakuchukia."

"Mimi?"

"Wewe. Uko dirishani na mchele wako. Kila Jumamosi, niko katikati ya hadithi, anashtuka, anavaa kiatu. Anasema, lazima niende, mama yuko dirishani. Hata alipokuwa anatoka huko kwenu Kawangware, anashtuka hivyo hivyo, anasema mama yuko dirishani. Dirisha gani? Na mimi nabaki na karai. Nilikuwa nasema, huyu mwanamke ana bahati gani, na hata hajui kupima maji."

Nilifurahi. Naomba radhi kwa marehemu na kwa yule mama, lakini nilifurahi. Nilionewa wivu, mimi! Miaka yote ile! Sikujua niiweke wapi furaha ile, nikainuka nikaenda kutafuta karai. Lilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Nikamuuliza kama ana kiu sana siku hizi, akaniambia niache upuuzi, hana sukari, ana uzee. Nikachemsha maji, nikapunguza na ya baridi, nikakunja mkono nikachovya pale penyewe, nikafumba macho.

"Ni moto kidogo," akasema mguu ulipoingia. "Unataka kunichemsha?"

"Umesikia moto?"

"Nimesikia."

"Basi kaa hivyo."

Visigino vyake vilikuwa magaga matupu, na kidole kidogo kilikuwa na sugu, ya vile viatu vyekundu. Nikalichukua jiwe. Nikaanza kumwambia habari za Baba Nekesa, alivyopenda chai ya tangawizi, alivyokuwa akinishikia kile kioo kila asubuhi na kuniuliza kama vidole viko vyote. Nilipofika hapo nikasikia anakoroma. Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Sikumwamsha, na sikunyamaza.